Chumvi Siku ya Kuzaliwa Rama

Mwezi wa nne mwaka huu, mchana, mvua ikiwa imekatika kidogo, mwanamke wa Kihindi mwenye fimbo aliingia hotelini kwangu Nyakato akiongozwa na msichana, akaketi meza ya pembeni karibu na beseni la kunawia. Mimi nilikuwa kaunta nawafokea wahudumu kama kawaida yangu. Nilimtazama mara moja tu, nikaingia stoo, nikafunga mlango. Ninyi mnaonijua mtashangaa. Mimi ni mtu mzima, nina wafanyakazi kumi na wawili, madereva wa malori wakiniona nimekunja uso wanashusha sauti zao. Hoteli hii niliianza na sufuria mbili chini ya mabati, nikiwapikia watu wa viwandani, hakuna mwanamume aliyenishika mkono wala mkubwa aliyenipigia simu. Lakini siku hiyo nilikaa juu ya gunia la mchele gizani, nikisikia sauti yake akiagiza chai isiyo na tangawizi. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe na mgongo umepinda, ila ile namna ya kukunja ncha ya sari mara mbili na kuichomeka kiunoni kabla ya kugusa chakula, hiyo nilikuwa sijaiona kwa mwingine. Alikuwa Hansa. Siku zote nilijua kwamba yuko Magu, saa moja na kidogo kwa gari. Mchele wangu wote unatoka Magu. Kwa miaka zaidi ya arobaini nimekuwa nikiwatuma watu kwenda kuununua, mimi mwenyewe sijakanyaga huko, na kila mtu anayeniuliza namwambia miguu inauma.

Nani alinizaa na niliacha shule darasa la ngapi, hayo hayahusiki hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nalala kwa shangazi yangu Mkuyuni, napika kwa Wahindi mjini. Ilikuwa ile miaka ambayo sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, na mtu akikukaribisha chai ya sukari unajua anakupenda. Nyumba ilikuwa ghorofani, juu ya duka lao la vitambaa. Jiko lilikuwa nyuma, refu na jembamba, kuta zimepakwa rangi ya kijani nusu, na nje yake kulikuwa na baraza ambapo ukisimama unaliona ziwa limebanwa kati ya majabali mawili, na korongo wamesimama juu ya mawe kama wazee wanaosubiri baraza la kata. Nyumba ile haikuingia nyama, haikuingia samaki, haikuingia hata yai. Mimi niliyekulia sato na dagaa ilinibidi kila asubuhi ninawe kwa ndimu mpaka kwenye viwiko, na bado mama mwenye nyumba, tuliyemwita Mama Mkubwa, alinishika vidole akavinusa kimoja kimoja. Alikuwa mjane mfupi, mwepesi, mwenye funguo kiunoni, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni. "Kabula, hapana leta ziwa ndani ya nyumba," alikuwa akisema. Nilichukia kunuswa. Lakini nilijifunza. Baada ya miezi minane tu nilikuwa napika dengu zao, mchuzi wao wa mtindi, chapati zao nyembamba kama karatasi, na mwanawe Kirit alisema mezani, mbele ya mama yake na mbele ya mke wake, kwamba chapati za Kabula ni laini kuliko za mtu yeyote nyumba hii. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani. Hansa, mke wake, alicheka akasema ni kweli. Mimi nilivimba kama andazi.

Huyo Hansa alinizidi kama miaka saba. Alizaliwa Magu, baba yake alikuwa na duka huko kwenye nchi ya pamba, kwa hiyo alikua akicheza na watoto wa wakulima na Kisukuma kilimtoka mdomoni kuliko hata mimi niliyezoea mji. Asubuhi alikuwa akiingia jikoni, anatazama nyuma kama mama mkwe hayupo, ananisalimu, "Mwangaluka, Kabula," na siku yangu inaanza vizuri. Kisukuma kilikuwa chumba chetu cha siri. Kwa lugha hiyo tulimsema Mama Mkubwa na pua yake, tukamsema Kirit aliyekuwa akichana nywele mara nne kwa siku, na yeye akanieleza mambo ambayo hakuwa na mwingine wa kumweleza. Alikuwa ameolewa miaka sita na hajapata mtoto. Na mimi, bila wao kujua, masikio yangu yalikuwa yameshachukua Kigujarati cha kutosha. Alasiri moja wanawake wa majirani walikuja kunywa chai, nami nakanda unga jikoni, mlango uko wazi. Waliongea kwanza bei za vitambaa, kisha sauti zikashuka, na sauti zikishuka ndipo mpishi anapoacha kukanda. Mama Mkubwa akawaambia kwamba mwaka huu ndio wa mwisho. Siku ya kuzaliwa Rama, Hansa ataonja maziwa ya mungu mbele ya wote, mungu aone. Ikipita hiyo na tumbo likabaki lilivyo, kaka yake atakuja kumchukua arudi Magu. Mmoja akauliza Kirit anasemaje. Mama Mkubwa akajibu kwamba Kirit anasema anachosema mama yake, na wote wakacheka. Kwa hiyo mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nilijua yote, tangu wiki mbili kabla.

Habari yenyewe ya Rama alinisimulia Hansa tukichambua mchele. Mfalme Dasharatha wa mji wa Ayodhya alikuwa na wake watatu na hana mtoto hata mmoja. Nikamwambia kwetu angeshatafuta wa nne. Akacheka mpaka mawe aliyokuwa ameyatoa kwenye mchele yakarudi mle mle, tukaanza upya. Mfalme akafanya sadaka ya moto, na kutoka ndani ya moto ule akatokea mjumbe na bakuli la wali uliopikwa kwa maziwa, akasema wape wake zako wale. Wakala, wakazaa wana wanne, na wa kwanza wao ni Rama, aliyezaliwa saa sita mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu ukoo wao ni ukoo wa jua. Nikamuuliza huyo Rama alifanya nini cha maana. Akasema alikuwa mungu aliyekubali kuishi kama mtu. Siku aliyotakiwa kurithi kiti, mama yake wa kambo alidai aondolewe, naye akaenda porini miaka kumi na minne ili tu neno la baba yake lisivunjike, hakumlaumu mtu, hakuuliza kosa lake. Nikasema basi huyo mungu wenu ni mpole kupita kiasi, mimi ningepiga kelele mpaka Ukerewe wasikie. Hansa aliendelea kuchambua. "Ndiyo," akasema, "wewe ungepiga."

Kwa siku tisa nyumba ilibadilika. Kila alasiri mzee mmoja alikuja kusoma kitabu cha Rama kwa sauti ya kuimba, wanawake wameketi mkekani, wengine wanalia mahali ambapo lazima walishalia kila mwaka. Mama Mkubwa alikula mara moja tu kwa siku, viazi na matunda. Chumba cha mungu kilioshwa mpaka dari. Katikati walitundika kitanda kidogo cha mbao, kitanda cha kubembelezea mtoto, kina minyororo ya shaba na kamba ya hariri ya kukivutia, na ndani yake angelala Rama mchanga, sanamu ya shaba isiyozidi kidole changu cha kati. Hansa alimshonea nguo za manjano na kofia. Nilimwona akishona, uzi ameuuma kwa meno, anaipima ile kofia kwenye ncha ya kidole chake kama mtu aliye na mtoto kweli ndani, nikageuza uso. Mtu ukiwa na miaka kumi na tisa huvumilii kumwona mwingine anataka kitu kiasi hicho.

Siku ya tisa nilifika mapema, nimeoga, nimevaa gauni langu la kanisani, nikitegemea kwamba siku kubwa ndiyo siku ya mpishi. Mama Mkubwa alinizuia mlangoni pa jiko. "Leo wewe hapana pika. Wewe iko mpishi ya watu. Leo iko chakula ya mungu." Akatoa kila kitu ambacho hakitakiwi siku ya mfungo, akakiweka barazani. Vitunguu vilitoka, vitunguu saumu vikatoka, kopo la chumvi ya kawaida likatoka, na mimi nikatoka. Tulikaa pamoja pale nje, mimi na kopo la chumvi na kapu la vitunguu, tukitazama korongo. Ndani Hansa alipika peke yake, ameoga mara mbili, nywele mbichi, amefunga hata maji. Alipika wali wa maziwa, wenyewe wanaita khir, kwa kumbukumbu ya lile bakuli la kwenye moto. Maziwa yalikuwa yametoka kwa mfugaji, sukari ilikuwa imekusanywa miezi mitatu kijiko kwa kijiko, kulikuwa na iliki na lozi chache zilizotumwa na ndugu kutoka mbali. Sheria yake ni moja na ni kali. Chakula cha mungu hakionjwi. Hakionjwi kwa ulimi, hata kunusa kwa makusudi ni vibaya, kwa sababu kikishaguswa na mdomo wa mtu, kwa mungu ni makombo. Mpishi anapika kwa macho, kwa mkono na kwa imani, na mungu ndiye wa kwanza kujua kama ametia sukari ya kutosha. Mimi niliona huo ni ujinga. Mpishi asiyeonja ni kipofu, ndivyo nilivyoamini, na mpaka leo humu jikoni kwangu asiyeonja simlipi.

Kama nusu saa kabla ya saa sita, Mama Mkubwa alimwita Hansa akabadili sari na kumvisha mungu. Maziwa yalikuwa yamefika pale pabaya, pazito, ukiacha kukoroga dakika moja yanashika chini. Hansa alitoka barazani, akanisemesha kwa Kisukuma upesi upesi. Alisema ninawe, niingie, nikoroge tu asije akaharibikiwa. "Usionje, Kabula. Nakuamini wewe." Akaenda. Nikabaki peke yangu na chungu cha shaba kinachochemka taratibu, harufu ya iliki imejaa mpaka kwenye nguo. Nilikoroga. Nikanyanyua kijiko nikaonja. Nikaona utamu haujasimama, kwamba sukari ya kuungaunga ile haikutosha maziwa yale yote, na sukari nyingine haikuwepo mjini. Sasa kila mpishi anajua kwamba chumvi kidogo huinua utamu. Nilitoka barazani, nikachukua chumvi kwa vidole, nikarudi nikaitia, na kwa kuwa nilikuwa na haraka mkono ukazidi. Nikakoroga kwa kijiko kile kile nilichokionjea. Hansa aliporudi na sari ya manjano alinishukuru. Akaweka juu ya maziwa jani la tulasi, lile jani lao la ibada lililo ndugu wa mrehani, kwa sababu bila jani hilo mungu hapokei, akakibeba chungu kwa mikono miwili kama anabeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni.

Watu walikuwa wamejaa mpaka ngazini, nami nikaruhusiwa kusimama mlangoni. Mbele ya kitanda kidogo palikuwa na pazia jekundu. Saa ya ukutani ilipogonga, mzee akapuliza kombe kubwa la baharini, sauti ikakutikisa kifua, kengele zikapigwa, pazia likavutwa, na watu wazima, wafanyabiashara wa mjini wenye vitambi, wakapaza sauti kwamba amezaliwa, amezaliwa, wengine machozi yanawatoka, kana kwamba habari imefika sasa hivi kwa mara ya kwanza. Wakazungusha taa za samli. Wakamwogesha yule mtoto wa shaba kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, wakamfuta, wakamvalisha, wakamlaza. Kila mmoja akapita akavuta kamba ya hariri kumbembeleza, wanaume wenye masharubu wakimwimbia polepole kama mayaya. Sijawahi kusema hili kwa mtu, lakini pale mlangoni nilitamani nami nivute ile kamba. Nilikuwa nimezoea mungu anayetisha. Huyu walimfanya mdogo makusudi ili wapate kumtunza.

Kisha Mama Mkubwa akamwita Hansa mbele. Hansa akavuta kamba mara tatu, kwa adabu, amefumba macho. Mama Mkubwa akateka ile khir iliyokwisha kutolewa kwa mungu, akamimina kwenye kibakuli cha fedha, akampa kwa mikono yake mwenyewe, na kila mtu mle chumbani alijua kibakuli kile maana yake ni nini. Hansa akanywa. Nilimwona akisimama katikati ya kumeza. Hakukunja uso, alitulia tu, kisha akamalizia chote mpaka chini, akarudisha kibakuli. Lakini Mama Mkubwa naye akaonja kutoka kwenye kijiko, kama desturi, na yeye hakuwa mtu wa kutulia. Akauliza kwa Kigujarati, si kwa sauti kubwa, ni nani ametia chumvi kwenye chakula cha mungu siku ya mfungo. Hansa akasema ni yeye, mkono wake umekosea kopo. Nilipumua. Nikadhani imekwisha. Ila Mama Mkubwa alikuwa na akili kuliko sisi wote. Kopo la chumvi halikuwa jikoni. Alilitoa mwenyewe. Akageuka, akanitafuta mlangoni kwa macho, na akaniuliza kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Kabula. Chumvi ilikaa na wewe. Huyu alikuja kuchukua?"

Hansa hakunitazama. Alikuwa anatazama kile kitanda kinavyoendelea kubembea chenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na watu wangenipiga kelele, na Mama Mkubwa angenifukuza siku ile ile, na ningerudi Mkuyuni kwa shangazi na kapu langu. Basi. Hayo ndiyo yangenipata.

"Alikuja, mama," nikasema. "Alikuja akachukua."

Mtu anayekuja mwenyewe kuchukua chumvi siku ya mfungo hakukosea kopo. Ama alikuwa anakula kwa siri, ama alitaka kumharibia mama mkwe ibada. Wanawake walilimaliza hilo kabla ya kufika ngazi ya chini, niliwasikia kwa masikio yangu. Wengine walisema mungu mwenyewe ndiye aliyemkataa, akamwonyesha kwa ulimi. Baada ya wiki mbili kaka yake alikuja na gari la kubebea pamba. Nilisikia masanduku yanashushwa. Nilisikia Hansa anaita jina langu ngazini, mara moja, kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza chumvi iko wapi au nimemwona wapi paka, nami nilikuwa nimejificha stoo, juu ya gunia, na sikuitika.

Mwaka ule ndio ulionifanya niwe huyu mnayemwona. Niseme ukweli wote. Hansa alipoondoka, jiko likawa langu peke yangu. Mama Mkubwa alianza kunifundisha mambo ambayo angemfundisha mkwe. Alinifundisha kukausha pilipili, kutia samli rangi, kujua mafuta yamefika kwa kutupia mbegu moja ya binzari nyembamba. Aliacha kuninusa vidole. Mwisho wa mwaka Kirit aliletewa mke mwingine kutoka nchi jirani, na huyo naye hakuzaa, miaka minne, mpaka familia nzima ikahamia nje, na hapo hakuna aliyesema mungu amekataa wala aliyeuliza nani sasa mwenye kasoro. Walipohama waliniachia vyombo vya jikoni. Ndizo zile sufuria mbili za chini ya mabati. Watu wa viwandani walishangaa mama ntilie gani huyu anayepika dengu namna hii, wakaja, wakaleta wenzao. Nikialikwa kuzungumza na akina mama wa vikundi huwa nawaambia kwamba nilianza bila kitu. Wananipigia makofi. Si kweli kwamba nilianza bila kitu, nilianza na nafasi ya mtu.

Basi siku hiyo ya mwezi wa nne nilikaa stoo mpaka nikasikia aibu ya kukaa stoo imezidi ile nyingine. Mwanamke wa miaka yangu, mwenye hoteli, anajificha juu ya gunia kama alivyojificha akiwa msichana. Nikatoka. Nilikuwa na kitambaa cha meza mkononi, nikakikamata kwa nguvu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, Kabula," akasema, bila kushtuka hata kidogo. "Niliambiwa ni hoteli yako. Umesimama vizuri." Akaniambia yule msichana ni mjukuu wa kaka yake, na kwamba wanatoka hekaluni mjini, leo Rama amezaliwa, wakaona wapate chai kabla ya kurudi Magu. Msichana alinisalimu kwa adabu. Nikajua nikikaa nitaanza kuuliza habari za mvua na barabara, na nikianza hivyo sitasema tena. Kwa hiyo nilisema nimesimama, wahudumu wangu wanasikia, wateja wanasikia. Nilisema ile chumvi niliitia mimi, na mbele ya watu nikadanganya.

"Najua," Hansa akasema. "Nilikuwa nafunga sari chumba cha pili, mlango uko wazi. Nilikuona unaonja. Nilikuona unatoka na unarudi."

Nikamuuliza kwa nini basi alikibeba kile chungu, kwa nini hakusema. Akanieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Zilikuwa zimebaki dakika chache na wageni wako ngazini. Angesema, mimi ningefukuzwa, mama mkwe angeaibika, na mtoto angezaliwa bila chakula mbele ya mji mzima. Akajiambia mungu atakula na kusamehe, ni mungu, na kwamba pengine watu hawataisikia chumvi. Kibakuli kilipofika mdomoni akajua wataisikia, akaamua kusema ni mkono wake, mkono ukikosea watu husamehe. "Hilo nililifikiria vizuri," akasema. "Lile la kwamba nilikuja kuichukua, hilo sikulifikiria."

Msichana alikuwa ameacha kunywa. Nilingoja Hansa anitukane, hata kwa Kisukuma, ningeshukuru. Badala yake aliweka fimbo ubavuni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nina jambo moja nataka kukuuliza, nimekaa nalo muda mrefu. Wewe ulikuwa mpishi, na ulimi wako ulikuwa mzuri. Ulipoonja, kilipungua nini?"

Jibu lilikuwa tayari. Nimekaa nalo zaidi ya miaka arobaini, nimejiambia usiku na mchana, na hata humu nimeliandika juu huko kana kwamba ni kweli, rudini msome: sukari haikutosha, utamu haujasimama, mpishi akasaidia. Nilifungua mdomo nilitoe. Nikamwona anangoja, mkono umeshika ukingo wa meza, anangoja kama anayengoja jibu la daktari.

"Hakikupungua kitu, mama," nikasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ile sukari ya kijiko kwa kijiko ilikuwa sawasawa, maziwa yalikuwa mazito sawasawa, na yeye hakuonja hata tone. Sikuwa nimewahi kula kitu kizuri vile katika jiko lile, na mimi nilikuwa nimeambiwa mezani kwamba ni mpishi kuliko wote, kisha nikatolewa nje na vitunguu. Nilitaka kipungue.

Hansa alisukuma kikombe pembeni, chai imekwisha kuunda ngozi juu. "Sijakipika tena," akasema. "Kila mwaka nawaachia wake wa ndugu zangu, mimi nachambua mchele tu. Nilidhani nilikosea mahali, nawe ukaona, ukajaribu kunisaidia usijue namna. Kila mwaka nawaza nilikosea wapi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefungua kitu alichokibana mkononi mpaka vidole vimekufa ganzi. Kisha akamwambia msichana wanyanyuke, mvua inarudi. Nikasema nitawatolea gari langu liwafikishe Magu. Akasema hapana, basi linatosha. Nikataka kumshika mkono hadi mlangoni, akampa msichana mkono wake.

Walipokwisha kuvuka barabara, wahudumu walikuja kunizunguka, wakauliza mama huyo ni nani kwangu. Nikawaambia ni mpishi, na kwamba ananizidi. Wakacheka, maana hawajawahi kunisikia nikisema hivyo juu ya mtu yeyote, wakadhani natania. Nikawaambia wakae kimya wanisikilize, nikarudia.